Gia Ikigoma Kutoka P, Tazama Kwanza Taa za Breki

Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kisha kuingia Uganda kupitia Malaba au Mutukula, ni ya gia otomatiki. Likisimama kwenye foleni ya mpakani, mara nyingine injini huwaka lakini gia haitoki P.

Hapo dereva huambiwa giaboksi imekufa. Mara nyingi sivyo. Gia hufungwa kwenye P hadi breki ikanyagwe. Swichi ya pedeli ya breki ndiyo huwasha taa za nyuma na kutoa ishara ya kufungua gia.

Kabla ya kulipia giaboksi ishushwe, kanyaga breki na umwombe mtu atazame nyuma. Taa zisipowaka, kagua fyuzi, kisha swichi. Zikiwaka, fundi aangalie kufuli na kebo ya gia.

Magari mengi yana kitufe karibu na gia, kimeandikwa “Shift Lock”. Kibonyeze huku umekanyaga breki, gia itatoka. Lakini usiendelee na safari hivyo: lori lililo nyuma yako halitajua umefunga breki.