Kioo Kinachowaka na Kuona

Ukitoka ndani na simu mkononi ukaingia juani, kioo huongeza mwangaza chenyewe. Kinachokijulisha kwamba nje kuna jua ni kihisi cha mwanga, kidude cha milimita chache tu. Zamani kilikaa kwenye ukingo mweusi juu ya kioo, jirani na spika ya kusikilizia. Ukingo huo umepunguzwa mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa wanunuzi wanataka kioo kijae uso mzima wa simu. Kihisi hakikutupwa, kilihamishiwa chini ya kioo. Sasa kinatakiwa kupima jua huku kimefunikwa na taa zinazowaka.

Kwa vioo vya LCD jambo hilo ni gumu mno. LCD haitoi mwanga wake: nyuma yake kuna taa na karatasi inayoakisi mwanga wote kuja mbele, na chochote kilicho nyuma ya karatasi hiyo kimefungiwa gizani. OLED, iliyoelezwa na Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak mwaka 1987, haihitaji taa ya nyuma. Kila pikseli huwaka yenyewe, na kati ya pikseli na pikseli kuna upenyo mwembamba wa kupitisha mwanga.

Lakini mwanga unaopenya ni haba, na kihisi kinaweza kudhani ukurasa mweupe ulioufungua ndio jua lenyewe. Dawa mojawapo ni kuvizia. Vioo vingi vya OLED haviwaki mfululizo, hasa mwangaza ukishushwa: vinazimwa na kuwashwa mara mamia kwa sekunde, upesi kuliko jicho linavyoweza kutambua. Kihisi hupima ndani ya vipindi hivyo vya giza, kama mtu anayenasa mnong'ono kati ya pigo la ngoma na pigo linalofuata. Dawa nyingine ni hesabu. Simu inajua ni rangi gani zinazoonyeshwa juu ya kihisi, hivyo programu huondoa mchango wa kioo, na kinachobaki ni mwanga wa nje.

Kihisi cha ukaribu, kile kinachozima kioo unapoweka simu sikioni, kina tabu yake. Kinatumia miale ya infraredi, na miale hiyo inaweza kusisimua transista za kioo zilizo juu yake. Ndiyo maana katika baadhi ya simu unaona kidoa cheupe kikipepesa karibu na kamera wakati wa mazungumzo.

Alama za vidole ndizo zilizoufanya ufundi huu ujulikane. Januari 2018 Vivo ilitoa X20 Plus UD yenye kihisi cha Synaptics chini ya kioo. Kioo chenyewe ndicho tochi: duara linawaka chini ya kidole, mwanga unagonga matuta ya ngozi, kisha unarudi chini kupitia penyo za pikseli na kuchora picha. Samsung ilichukua njia nyingine kwenye Galaxy S10 ya mwaka 2019, ikatumia kihisi cha Qualcomm kinachopeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika. Oktoba mwaka huohuo ikabainika kwamba baadhi ya protekta za silikoni ziliweza kukihadaa kifungue simu kwa kidole cha mtu mwingine. Samsung ikasambaza marekebisho ya programu.

Kwetu, ufundi huu hujulikana zaidi unapoharibika. Chukua Galaxy A50, simu ya mwaka 2019 yenye kihisi cha alama za vidole kinachotumia mwanga wa kioo kama tochi. Kioo kikipasuka, fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue anakupa machaguo mawili: kioo original au kioo copy. Copy mara nyingi ni LCD. Picha zinaonekana, taachi inafanya kazi, bei ni nafuu. Ila kidole hakifungui tena. Kihisi hakijafa, kiko palepale chini kikiwa kizima, lakini mbele yake imewekwa ile karatasi ya kuakisi. Mteja anaondoka akiamini fundi amemharibia simu, na fundi hana hatia zaidi ya kutosema mapema. Naona ni haki ya mteja kuambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Kamera ndiyo mtihani mkubwa. ZTE iliuza simu ya kwanza yenye kamera chini ya kioo, Axon 20 5G, mwaka 2020. Wakati huohuo watafiti, wengine wao wa Microsoft, walipima vioo viwili: kimoja kilipitisha asilimia 20 ya mwanga, kingine asilimia 2.9 tu, na picha zake zikageuka manjano. Zaidi ya hapo, pikseli zilizopangwa kwa safu hupinda mwanga, hivyo taa ya barabarani hutoa miiba pande zote na uso hufunikwa na ukungu. Samsung, kwenye Galaxy Z Fold3 ya 2021, iliondoa tabaka la polaraiza linalomeza mwanga na kupunguza pikseli juu ya kamera ya megapikseli 4. Mwaka 2022, kwenye Fold4, ikazipanga upya kwa mtawanyiko ili zisionekane sana. Mwaka 2025 Fold7 ikarudi kwenye tundu la kawaida la kamera.

Kwa selfi, uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hakuna anayekosa usingizi kwa sababu ya kitundu. Lakini watafiti wale walikuwa na lengo jingine: mazungumzo ya video kwenye vioo vikubwa. Mama aliyeko Pemba akizungumza na mwanawe aliyeko Maskati humtazama machoni kwenye kioo, lakini kamera iko juu, na mwana anamwona mama ameinamisha macho. Kamera ikikaa nyuma ya kioo, pale uso unapotokea, macho yatakutana. Ugumu ni kwamba hapo ni katikati, mahali jicho linapotua muda wote, na pikseli haziwezi kupunguzwa bila kila mtu kuliona doa.