Maumivu ya nyayo katika safari ndefu za baiskeli

Maumivu ya nyayo katika safari ndefu za baiskeli ni maumivu, joto kali au ganzi inayompata mwendesha baiskeli baada ya kukanyaga pedeli kwa saa nyingi. Mara nyingi huanza kwenye sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, na yakizidi mtu huhisi kama anakanyaga kaa la moto. Kwa kawaida hayatokani na udhaifu wa mwili. Hutokana na mahali unyayo unapokaa juu ya pedeli na kiatu kilichovaliwa, kwa hiyo mengi yake yanaweza kuzuilika.

Chukua mfano wa mtu anayeondoka kata ya Iringo, katika Manispaa ya Musoma, mkoani Mara. Hutoka mjini hadi Makutano, inapopita barabara kuu ya Mwanza–Sirari. Kutoka hapo anaweza kwenda Butiama, au kuelekea kusini kupitia Kiabakari na Bunda hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200. Akienda kilomita 18 kwa saa, atakuwa juu ya siti kwa zaidi ya saa 11 bila kuhesabu mapumziko. Akizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, kila mguu utakuwa umekanyaga karibu mara 40,000. Wanaoshiriki msafara wa baiskeli wa *Twende Butiama*, unaotoka Dar es Salaam kumuenzi Julius Nyerere, kwa jumla hupita umbali mkubwa zaidi ya huo.

## Sababu

Mwaka 1967 Nyerere mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Mtembeaji na mwendesha baiskeli, hata hivyo, hawaumii kwa namna moja. Anayetembea hutua kwa kisigino, uzito ukapita kwenye unyayo na kuishia vidoleni. Kila sehemu hupata zamu ya kubeba na zamu ya kupumzika. Kwenye baiskeli uzito hurudi palepale kila mzunguko.

Sehemu inayobeba uzito huo ni vichwa vya mifupa mitano inayoitwa metatarsali. Katikati ya mifupa hiyo hupita neva ndogo zinazokwenda vidoleni. Neva zikibanwa kwa muda mrefu, vidole huanza kuwaka, kisha hufa ganzi. Joto huongeza tatizo: damu na majimaji hushuka miguuni, nyayo huvimba, na kiatu kilichoenea vizuri asubuhi huwa kimebana kufikia saa sita mchana.

Baiskeli zinazotumika sana vijijini zina sababu nyingine isiyotajwa mara kwa mara katika vitabu vya michezo. Mipira ya pedeli huisha, kikabaki chuma chembamba, na mwendeshaji amevaa ndala yenye soli laini. Nguvu yote huishia kwenye mstari mwembamba wa unyayo. Akiwa amebeba gunia la mkaa au abiria, anakanyaga kwa nguvu zaidi na maumivu huja mapema.

Siti iliyoinuliwa kupita kiasi nayo humlazimisha mtu kunyoosha vidole ili afikie pedeli, hivyo huumiza sehemu ya mbele ya unyayo pamoja na kano iliyo nyuma ya kisigino.

## Kuzuia na kupunguza

Hatua ya kwanza, na ya bei nafuu kuliko zote, ni kusogeza mguu mbele kidogo ili chuma cha katikati ya pedeli kiwe nyuma ya vichwa vya metatarsali badala ya kuwa chini yake. Anayetumia viatu vya mashindano vinavyonasa kwenye pedeli anaweza kusogeza kipande cha kunasia kuelekea kisigino kwa milimita chache, akijaribu kwanza katika safari fupi. Pedeli pana husaidia pia. Iliyochakaa ibadilishwe kabla ya safari.

Kiatu kiwe na soli ngumu na nafasi ya vidole kutanuka. Ni vizuri kukinunua alasiri, wakati miguu imekwisha kuvimba kidogo. Kamba zilegezwe baada ya saa ya kwanza. Wengi husubiri mpaka maumivu yaanze, na hapo neva huwa imekwisha kuwashwa.

Mwenye gia achague nyepesi, azungushe haraka zaidi kwa nguvu ndogo. Asiye na gia hana njia hiyo, lakini anaweza kushuka kwenye mlima na kusukuma. Wengine huona aibu kufanya hivyo, ingawa kwa nyayo dakika chache za kutembea ni mapumziko ya kweli.

Maumivu yakiwa yameanza, vua viatu, chezesha vidole na inua miguu juu ya usawa wa mwili. Maji ya baridi hupunguza joto. Kandokando ya Ziwa Viktoria kuna kishawishi cha kutumbukiza miguu ziwani, lakini vimelea vya kichocho huingia kupitia ngozi hata isiyo na kidonda. Afadhali maji ya bomba, au yaliyochotwa na kuachwa kwenye ndoo kwa siku mbili.

## Wakati wa kumwona mganga

Ganzi ya kawaida hupungua muda mfupi baada ya kushuka. Ikibaki kwa siku kadhaa, au maumivu yakikaa kwenye mfupa mmoja na kuzidi unapoubonyeza, huenda kuna neva iliyoumia au ufa katika mfupa, safari isimame. Uvimbe na maumivu katika mguu mmoja, hasa kwenye shavu la mguu, huweza kuwa dalili ya damu kuganda ndani ya mshipa na huhitaji hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye kisukari ana hatari zaidi kwa sababu huenda asihisi maumivu kabisa. Anapaswa kukagua nyayo kwa macho kila anapopumzika, pamoja na katikati ya vidole, na kutopuuza lengelenge hata likiwa dogo.