Uvimbe wa Limfu, Sehemu ya Pili: Taa Nyekundu Nyumbani

Uvimbe wa limfu hutokea pale majimaji yaliyovuja kutoka kwenye damu yanaposhindwa kurudi yalikotoka. Kila siku lita kadhaa za majimaji hayo hupenya kuta za mishipa midogo kabisa ya damu na kuingia katikati ya seli pamoja na protini. Kazi ya kuyarudisha ni ya mishipa ya limfu. Mishipa hiyo haina moyo wa kuisukuma. Kuta zake zina misuli laini inayojikaza mara kadhaa kwa dakika, ndani mna vali zinazozuia limfu kurudi nyuma, na pumzi pamoja na mwendo wa miguu huongeza msukumo. Limfu hupitia tezi za kinenani, kwapani na shingoni, kisha humwagika kwenye vena kubwa zilizo nyuma ya mtulinga.

Njia hiyo ikiziba au ikikatwa, mguu au mkono huanza kujaa. Mwanzoni, ngozi ikibonyezwa kwa kidole gumba hubaki shimo, na mgonjwa akilala usiku kucha miguu ikiwa imeinuliwa, asubuhi uvimbe huwa umepungua. Miaka ikipita hali hubadilika. Protini zilizotuama huamsha kinga ya mwili, tishu zilizo chini ya ngozi huwa ngumu kwa nyuzi, na mafuta hujijenga humo. Robert Stemmer alieleza mwaka 1976 kipimo kisichohitaji kifaa chochote: kujaribu kuinua ngozi iliyo kwenye shina la kidole cha pili cha mguu. Ngozi ikikataa kushikika, limfu ndiyo inayoshukiwa kwanza. Habari ya nyuzi na mafuta inafaa kukumbukwa kila linapoonekana tangazo la kifaa cha “kutoa maji mwilini”, kwa kuwa katika mguu uliovimba miaka kumi sehemu kubwa ya kilichomo si maji tena.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia Lamu, Kilifi na Kwale hadi Tanga, Pemba, Unguja na Mafia, chanzo kinachojulikana zaidi ni matende. Minyoo aina ya Wuchereria bancrofti, inayoenezwa na mbu, huishi ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu. Ugawaji wa dawa za ivamektini na albendazoli kwa umma, ulioanza Zanzibar mwaka 2001, umepunguza sana maambukizi, lakini dawa hizo haziurudishi mguu uliokwisha kuharibika. Kwenye nyanda za juu za Ethiopia, Rwanda na magharibi mwa Uganda wapo watu wenye miguu ya namna hiyohiyo ambao hawana mnyoo wowote. Ugonjwa wao ni podokoniosisi, na hutokana na kutembea peku miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa volkano. Kundi la tatu ni wagonjwa wa saratani: waliotolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya titi huvimba mkono, na waliopigwa mionzi ya nyonga kwa ajili ya saratani ya shingo ya kizazi huweza kuvimba mguu mmoja au yote miwili. Sarkoma ya Kaposi nayo huvimbisha mguu, pengine kabla mgonjwa hajajua kwamba madoa meusi yaliyo kwenye ngozi yake ni saratani.

Miguu huvimba pia kwa sababu ya moyo kushindwa kazi, figo, ini, kifafa cha mimba kinachonyemelea, au damu iliyoganda kwenye vena ya ndani. Hata amlodipini, dawa ya shinikizo la damu inayotumiwa na watu wengi sana, huvimbisha vifundo vya miguu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa taa, na baadhi yake huua mgonjwa akicheleweshwa nyumbani. Ndiyo maana suala la taa halina maana kabla ya mganga kuthibitisha kwamba uvimbe huo ni wa limfu.

Tiba ya mwanga mwekundu ina historia ya heshima kuliko matangazo yake. Mwaka 1960 Theodore Maiman wa Marekani aliunda leza ya kwanza, iliyotumia kito cha yakuti na kutoa mwanga mwekundu wa nanomita 694. Mwaka 1967 Endre Mester, daktari wa upasuaji mjini Budapest, alielekeza leza ya aina hiyo, tena dhaifu, kwenye migongo ya panya walionyolewa, akitaka kujua kama ingewasababishia saratani. Saratani haikutokea. Kilichomshangaza ni kwamba manyoya yaliota upesi zaidi pale palipopata mwanga. Akahamia kwenye vidonda vilivyokataa kupona, na uwanja mzima wa utafiti ukaanzia hapo.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga wa takriban nanomita 600 hadi 1,100, yaani mwekundu unaoonekana na ule wa infraredi usioonekana, hunyonywa na kimeng’enya kiitwacho saitokromu c oksidasi kilicho ndani ya mitokondria. Seli huzalisha nishati zaidi, na nitriki oksidi hufunguliwa na kulegeza mishipa. Hayo yameonekana vizuri kwenye vyombo vya maabara. Kutoka hapo hadi kwenye mguu wa binadamu, ambako mwanga unapaswa kwanza kupenya ngozi na mafuta, ushahidi unapungua hatua kwa hatua.

Hata hivyo, kwa uvimbe wa limfu kuna jaribio moja linalostahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu ndilo linaloegemewa na karibu kila muuzaji, awe amelisoma au la. Lilifanywa na watafiti wa Adelaide, Australia, na kuchapishwa mwaka 2003. Waliohusika walikuwa wanawake waliovimba mkono baada ya kutolewa titi. Kilichotumika ni leza ya infraredi ya nanomita 904, inayoshikwa mkononi na kuwekwa nukta kwa nukta kwapani kwa kipimo cha juli 1.5 kwa kila sentimita ya mraba. Mzunguko mmoja ulikuwa wa wiki tatu, mara tatu kwa wiki. Baadhi ya wanawake walipewa kifaa kilichozimwa bila wao wala mpimaji kujua. Mara baada ya matibabu hakukuwa na tofauti ya maana. Miezi miwili hadi mitatu baadaye, miongoni mwa waliopata mizunguko miwili, takriban theluthi moja walikuwa wamepungukiwa na zaidi ya mililita 200 za ujazo wa mkono, na ngozi ilikuwa imelainika. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliruhusu leza hiyo kuuzwa kwa matumizi ya uvimbe unaofuata upasuaji wa titi.

Theluthi moja ina maana pia kwamba theluthi mbili hawakufikia kiwango hicho. Na jaribio lilihusu mkono, makovu ya upasuaji kwapani, na leza ya aina moja. Mguu wa matende haukuwemo. Taa ya LED ya kutundika ukutani haikuwemo.

Taa nyingi zinazouzwa leo kwa matumizi ya nyumbani hutoa nanomita 660 na 850. Mwanga wake hutawanyika, tofauti na wa leza, na nguvu inayofika kwenye ngozi hupungua kadiri mtu anavyokaa mbali nayo. Kipimo hupatikana kwa kuzidisha miliwati zinazofika kwenye sentimita moja ya mraba kwa idadi ya sekunde, kisha kugawa kwa elfu. Taa inayofikisha miliwati 50 hutoa juli 3 kwa dakika moja. Anayekaa mbele yake dakika ishirini, kama maelekezo mengi ya kwenye boksi yanavyoshauri, hupata juli 60, mara arobaini ya kipimo cha Adelaide. Tiba hii haina kanuni ya kwamba kingi ndicho bora: katika maabara, kipimo kidogo huamsha seli na kikubwa huzipunguzia kasi. Maelekezo ya boksi kwa kawaida hayaligusi jambo hilo.

Rangi ya ngozi nayo ni suala ambalo watengenezaji hulipita haraka. Melanini hunyonya mwanga mwekundu na kuugeuza joto juujuu, hivyo kwenye ngozi nyeusi mwanga unaofika ndani ni mdogo zaidi, na joto la juu ni kubwa zaidi, kuliko kwenye ngozi nyeupe. Tofauti hiyo hupungua katika infraredi. Anayechagua kati ya taa mbili, basi, ana sababu ya kupendelea yenye infraredi, na kuanza na muda mfupi.

Kuna pia taa ambazo ni nyekundu na si za tiba hii hata kidogo. Balbu za infraredi za wati 250 za kulelea vifaranga, na zile za kupasha moto misuli inayouma, hutoa joto zaidi ya kitu kingine. Joto hutanua mishipa ya damu, majimaji zaidi huvuja, na mguu ambao tayari umeshindwa kuyarudisha huzidi kujaa. Balbu ya vifaranga kwenye mguu wa matende huongeza uvimbe, na kwa mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi huacha malengelenge asiyoyahisi.

Anayetaka kujaribu taa halisi hulazimika kwanza kushikilia matibabu ambayo manufaa yake hayabishaniwi. Kwa matende na podokoniosisi ni beseni la maji safi yasiyo ya moto, sabuni ya kawaida na subira: mguu huoshwa kila siku kuanzia gotini hadi kwenye vidole, kila mkunjo wa ngozi hufunguliwa kwa kidole na kusafishwa, kisha hukaushwa kwa kugusagusa kitambaa laini, hasa kati ya vidole ambako fangasi hujificha na kupasua ngozi. Mpasuko huo ndio mlango wa bakteria. Kazi ya daktari Gerusa Dreyer mjini Recife, Brazil, ndiyo iliyoonyesha wazi kwamba usafi wa namna hii hupunguza mashambulizi ya homa, ambayo kila moja huacha mguu mkubwa kuliko ulivyokuwa. Kinachofuata ni mafuta ya kulainisha, viatu, kuinua mguu, mazoezi ya kifundo, na bandeji au soksi za kubana zilizopimwa na mtaalamu baada ya kuhakikisha kwamba damu inafika vizuri mguuni na moyo hauna tatizo. Taa haichukui nafasi ya hata kimoja. Mgonjwa mwenye fedha za kimoja tu, kati ya taa na soksi za kubana, anunue soksi.

Jaribio lisilopimwa haliwezi kumwambia mtu chochote, kwa kuwa mguu hubadilika kutoka asubuhi hadi jioni, na macho huona kinachotarajiwa. Kinachohitajika ni futi ya fundi cherehani, kalamu na daftari. Kuanzia juu ya kifundo, alama huwekwa kila sentimita nne kuelekea gotini. Mzunguko wa mguu hupimwa kwenye kila alama, saa ileile ya siku, bila kuikaza futi. Kila mzunguko huzidishwa kwa wenyewe na kugawanywa kwa 3.14, jibu ni mililita zilizomo katika kipande hicho cha sentimita nne. Mzunguko wa sentimita 24, kwa mfano, ni mililita 183. Majibu ya vipande vyote hujumlishwa, na mguu wa pili hupimwa vivyo hivyo kwa kulinganisha.

Hesabu hiyo hufundisha jambo lingine. Futi ikikazwa au kulegezwa kwa nusu sentimita tu, kipande kimoja hukosewa kwa mililita 8 hivi, na mguu wa vipande kumi kwa mililita 80. Mabadiliko ya mililita 50 kwenye daftari, basi, hayathibitishi chochote. Vipimo vya wiki mbili kabla ya kuwasha taa huonyesha namba zinavyopandashuka zenyewe, na kwa kuwa matokeo ya Adelaide yalichelewa, tathmini kabla ya miezi mitatu ni ya haraka mno. Aina ya soksi, muda wa kuzivaa na dawa zisibadilishwe katika kipindi hicho. Vikibadilishwa, haitajulikana ni kipi kilichofanya kazi.

Kuna mahali ambapo taa haipaswi kuelekezwa: kwenye uvimbe wa saratani uliopo au unaoshukiwa, kwenye doa la ngozi lisilojulikana, kwenye tumbo la mjamzito, na machoni. Mwanga unaoamsha seli hauchagui seli, na wagonjwa waliowahi kuwa na saratani wanapaswa kuuliza daktari wao wa saratani, hata kama walimaliza matibabu zamani. Mguu wenye damu iliyoganda hautakiwi kuguswa mpaka utibiwe.

Shambulio la ghafla lina dalili zake: baridi na mtetemeko, homa, mtoki unaouma kinenani, na mguu kuwa wa moto na kuuma hata ukiguswa na shuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, kwa hiyo joto linalosikika kwa mgongo wa kiganja, likilinganishwa na mguu wa pili, ndiyo dalili ya kuaminika. Hali hiyo ni maambukizi ya bakteria yanayohitaji antibiotiki siku hiyohiyo. Mguu hupumzishwa na kupozwa kwa kitambaa cha maji baridi, bandeji hufunguliwa ikiwa zinauma, na taa huzimwa mpaka homa iishe na ngozi itulie.