Zaza wa Saint-Tropez: Kicheko Chenye Uchungu

Wapenzi wengi wa sinema za vichekesho wanaijua La Cage aux Folles, iliyoongozwa na Édouard Molinaro mwaka wa 1978 kutokana na mchezo wa Jean Poiret. Mimi naona mzaha wake umejengwa juu ya jambo la huzuni.

Albin, anayeigizwa na Michel Serrault, ni msanii wa klabu ya usiku mjini Saint-Tropez, Ufaransa. Jukwaani huvaa gauni na wigi, na jina lake huwa Zaza Napoli. Nyumbani ni mlezi. Amemlea Laurent, mwana wa mwenzake Renato, mwenye klabu, tangu utotoni. Lakini wakwe wanapotaka kuja, kijana huyo ataka Albin aondolewe, maana baba wa mchumba, Bwana Charrier, ni mwanasiasa anayehubiri maadili.

Basi Renato anamfunza Albin kupaka siagi mkate mkavu "kiume". Mkate unavunjika, Albin anapiga ukemi. Nilicheka hadi machozi, kisha nikajiuliza: kosa la mlezi huyu ni lipi? Wahenga walinena, kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Mwishowe waandishi wa magazeti wanaizingira klabu, na Charrier hana njia ya kuponyoka ila avae gauni na wigi. Aliyekuja kuwapima wenziwe anasitiriwa na mavazi aliyoyadharau!

Serrault alitunukiwa César mwaka wa 1979. Alistahili, kwani alituchekesha bila kumvunjia Albin heshima.