Buibui mwenye uso mwekundu ukutani: picha ya simu inaweza kutuambia nini?

Ukiishi karibu na Ziwa Victoria, huenda umeshasikia habari za buibui mdogo mwenye uso mwekundu anayewinda mbu wa malaria. Habari hizo ni za kweli. Shida huanza pale mtu anapomwona buibui mwenye wekundu ukutani kwake, akampiga picha, na picha ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na maneno kwamba nyumba hiyo sasa imepata mlinzi. Kabla hujaisambaza picha kama hiyo, au hujaanza kukitazama chandarua chako kama kitu kisicho na kazi, kuna mambo ya kuangalia.

Anayezungumziwa ni mmoja wa buibui warukaji. Hawa hawatandi utando wa kunasia wadudu. Huwinda kwa miguu: huvizia kama paka, halafu huruka. Utawajua kwa macho. Wana macho manane, na manne kati yake yametazama mbele, mawili ya katikati yakiwa makubwa kama taa za gari. Ukisogeza kidole, hugeuka kukutazama. Kama kwenye picha huoni macho hayo mawili makubwa, huenda hata si mrukaji.

Ukishajua ni mrukaji, kazi ndiyo kwanza imeanza, maana duniani kuna zaidi ya aina 6,000 za buibui hao. Bahati nzuri, wanaopenda kuishi na watu si wengi. Ukutani mara nyingi utamkuta Menemerus bivittatus, wa kijivu, aliyebapa kana kwamba amekanyagwa. Mwingine ni Plexippus paykulli, mkubwa kidogo. Dume lake ni jeusi lenye mistari mipana meupe kutoka kichwani hadi nyuma, ilhali jike ni la kahawia. Watu wengi huwapiga picha dume na jike wakidhani ni aina mbili tofauti, na kosa hilo hutokea sana kwa buibui hawa.

Sasa tuje kwenye uso mwekundu. Mwindaji wa mbu jina lake la kisayansi ni Evarcha culicivora. Wanasayansi walimpa jina hilo mwaka 2003, baada ya kupatikana Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na anajulikana pia Uganda. Ni mdogo, karibu na urefu wa punje ya mchele. Dume na jike wote wana wekundu usoni, na mwili uliobaki ni wa rangi ya kahawia na kijivu isiyovutia macho. Hukaa kwenye nyasi na majani yaliyo karibu na nyumba, na huwinda kwenye kuta na mashina ya miti.

Lakini yuko mwingine, Hasarius adansoni, anayeishi majumbani katika nchi nyingi za joto. Dume lake pia lina wekundu usoni, na kwa ukubwa hawatofautiani sana. Picha iliyopigwa kwa mbele tu inaweza kukudanganya kabisa. Mtazame kwa juu: dume la Hasarius ni jeusi, na mwanzoni mwa tumbo lina alama nyeupe iliyopinda kama mwezi mchanga. Ukiiona hiyo, huyo si yule wa mbu. Ndiyo maana picha moja haitoshi, hata ikiwa nzuri namna gani.

Piga angalau tatu: ya juu, ya uso, na ya ubavuni. Usikuze picha kwa vidole ukiwa mbali, kwa sababu simu huongeza ukungu tu. Sogea polepole, gusa kioo pale alipo buibui ili simu imlenge, na upige kadhaa, kwani nyingi zitaharibika. Mwanga wa mchana wenye kivuli ndio bora. Taa ya njano ya usiku humfanya hata buibui wa kahawia aonekane mwekundu, na zile programu za kurembesha picha ndizo mbaya kuliko zote. Weka kijiti cha kiberiti au sarafu karibu naye ili anayetazama ajue ukubwa. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha ya kawaida, maana programu hiyo huibana picha, na vitu vidogo vinavyohitajika hupotea.

Andika pia mahali, tarehe, na alipokutwa: ukutani, kwenye nyasi au juu ya mti. Mahali ni ushahidi kama rangi ilivyo. Uso mwekundu kutoka Mbita na uso mwekundu kutoka mji wa pwani ulio mbali na ziwa havina uzito sawa.

Ukipenda msaada, iko programu ya iNaturalist, ambako watu hupandisha picha za viumbe na wengine wenye ujuzi hutoa maoni. Simu inaweza kukupendekezea jina papo hapo, lakini hilo ni pendekezo la kompyuta. Ngoja watu waseme. Usishangae ukijibiwa tu kwamba ni mrukaji, bila jina la aina. Buibui wachanga hawajapata rangi zao kamili. Hata kwa wakubwa, aina nyingi hutambuliwa kwa uhakika kwa darubini peke yake, kwa kuangalia vipapasi vya dume vilivyo karibu na mdomo, au sehemu za uzazi za jike chini ya tumbo. Mtaalamu anayekataa kutoa jina mara nyingi anajua zaidi ya yule anayelitoa haraka.

Na kama kweli ni yeye? Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba Evarcha culicivora huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Yeye mwenyewe hawezi kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo damu huipata kupitia mbu. Wachanga wake humtambua mbu anayeeneza malaria kwa jinsi anavyotua, kichwa chini na sehemu ya nyuma imeinuka. Hata harufu ya soksi zilizovaliwa humvuta, kwa kuwa penye watu pana mbu.

Angalia basi mpangilio wa mambo. Mbu anayeliwa ameshamuuma mtu. Kuuawa kwake kuna faida, kwa kuwa vimelea vya malaria huhitaji siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mwingine. Lakini kwako wewe uliyeumwa usiku huo, buibui amechelewa. Chandarua kinamzuia mbu kabla hajauma, na homa ikikupata, kipimo cha malaria hakingoji.

Kwa hiyo chandarua kibaki kitandani, na buibui abaki ukutani. Hana madhara kwako, na akiwa Plexippus au Menemerus badala ya yule maarufu, bado anakula nzi na wadudu wengine wa nyumbani. Ukinyunyizia dawa kila kona kwa kumwogopa, utamuua yeye pamoja na hao aliokuwa akiwala.