Mutoto katika tumbo la mama yake: majuma 8 ya kwanza

Padri na katekista si waganga wa hospitali. Lakini watu wanawaletea maswali ambayo hayajibiwi vema bila kujua kidogo mambo ya waganga. Mume anakuja kusema: «Muke wangu ananizalia wabinti tupu, nitamurudisha kwao.» Mama anakuja na machozi: mimba yake imetoka katika mwezi wa pili, na watu wa nyumba wanasema kuna aliyemuloga, ao kwamba yeye mwenyewe ana kosa. Kisha anauliza kwa sauti ya chini: «Padri, kile kilichotoka kilikuwa mutoto, ao damu tu?» Anayejibu bila kujua anaweza kuumiza roho ya mutu kwa miaka mingi. Basi tuangalie kwa utaratibu ginsi Mungu anavyoujenga mwili wa mutoto. Nyuma yake tutaona faida kwa kazi yetu.

I. NAMNA YA KUHESABU

Sharti kwanza tuelewane juu ya hesabu. Kwenye maternite wanahesabu mimba tangu siku ya kwanza ya damu ya mwisho ya mwezi, kwa sababu ndiyo siku ambayo mama anaweza kuikumbuka. Lakini mimba yenyewe inashikwa karibu majuma 2 nyuma ya siku ile. Kwa hiyo wakisema mimba inachukua majuma 40, umri wa mutoto mwenyewe ni majuma 38. Hapa tutahesabu umri wa mutoto mwenyewe. Ukisikia kwenye maternite «majuma 10», sisi tunasema 8.

II. JUMA LA 1 NA LA 2

Yai la mama na mbegu ya baba vinakutana ndani ya murija mwembamba unaolileta yai kwenye kizazi. Vikiungana vinakuwa selule moja tu, yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimetre. Ndani ya selule hiyo kuna nyuzi ndogo sana zinazoitwa kromozomu: 23 zimetoka kwa mama, 23 kwa baba, jumla 46. Ndizo zinazobeba urizi wa wazazi wote wawili: rangi ya macho, aina ya damu, na kama atakuwa mwanaume ao mwanamuke.

Selule ile inagawanyika kuwa 2, kisha 4, kisha 8. Siku ya 3 ao ya 4 imekuwa kifungo cha selule 16 hivi, zimeshikana kama punje za tunda. Wakati huo wote kifungo kinatembea polepole ndani ya murija. Siku ya 6 ao ya 7 kinajishikiza kwenye ukuta wa kizazi, na mwisho wa juma la 2 kimezama ndani yake kama mbegu katika udongo. Mama hajajua neno bado.

III. JUMA LA 3 NA LA 4

Katika juma la 3 selule zinajipanga kwa tabaka tatu, na kila tabaka lina kazi yake. La nje litafanya ngozi, ubongo na mishipa ya fahamu. La katikati litafanya mifupa, nyama, damu na moyo. La ndani litafanya tumbo, matumbo na mapafu.

Kwenye mugongo kunatokea mufereji. Kingo zake mbili zinainuka, zinakutana na kufunga kama murija. Murija huo utakuwa ubongo na uti wa mugongo. Kazi hii inakwisha karibu na siku ya 28. Kama murija haukufunga vema upande wa chini, mutoto atazaliwa na mugongo wazi.

Moyo nao unaanza kama mirija miwili inayoungana kuwa mumoja. Karibu siku ya 22 unaanza kupiga. Tufikiri vema juu ya hesabu hii: kwa siku ile mama amekosa damu yake tangu juma moja tu, pengine anazani ni uchovu ao malaria. Mwisho wa juma la 4 mutoto ana milimetre 4 ao 5, hapati hata urefu wa punje ya muchele. Lakini kuna vichipukizi vya mikono na vya miguu.

IV. TANGU JUMA LA 5 MPAKA LA 8

Sasa kila kitu kinaenda upesi. Mukono kwanza ni kama kasia ndogo. Ndani yake inatokea mistari mitano. Nyama iliyo katikati ya mistari inakufa, na vidole vinaachana. Miguu inafuata njia ileile, ila inachelewa siku chache. Macho, masikio na pua vinapata pahali pao. Mudomo wa juu unaungana kutoka sehemu mbalimbali karibu na juma la 6 na la 7. Zisipoungana, mutoto anazaliwa na mudomo uliopasuka. Huo si mukosi wala azabu, ni kazi ya mwili ambayo haikufika mwisho, na leo waganga wanajua kuushona.

Jambo moja linatushangaza: matumbo yanakuwa marefu upesi kuliko pahali palipo ndani ya mwili. Basi yanatoka kwa muda na kukaa ndani ya kitovu, kisha yanarudi karibu na juma la 10.

Mwisho wa juma la 8 mutoto ana santimetre 3 hivi. Kichwa chake ni karibu nusu ya urefu wote. Vidole vimeachana, mifupa imeanza kuwa migumu, na viungo vyote vikubwa vimekwisha kuanza. Anatikisika, lakini mama hatasikia kitu mpaka mwezi wa nne ao wa tano. Kwa nje haijaonekana kama ni mwanaume ao mwanamuke. Hiyo itaonekana wazi karibu na juma la 12. Kazi inayobaki ni kukomaa na kupata nguvu.

Wakati huo wote anakula na kupumua kwa njia ya kondo la nyuma. Damu ya mama na damu ya mutoto zinapita karibukaribu, katikati ukuta mwembamba, lakini kwa kawaida hazichangani. Chakula na hewa nzuri vinapita ukuta ule. Kwa bahati mbaya, pombe na dawa nyingi pia.

V. FAIDA KWA KAZI YETU

1. Kwa mume wa wabinti. Yai la mama lina sikuzote kromozomu ya aina moja, inayoitwa X. Mbegu ya baba inaleta ao X, ao Y. Ikileta X, atazaliwa binti. Ikileta Y, atazaliwa mwanaume. Kwa hiyo mume anayemufukuza muke juu ya jambo hili anamuazibu kwa kitu kilichotoka kwake mwenyewe. Wala yeye mume hakukichagua. Katekista aifundishe habari hii kwa wachumba, mbele ya ndoa.

2. Kwa mama mwenye mimba. Wengi wanangoja tumbo lionekane ndipo waende kupimwa. Lakini tumeona kwamba wakati ule viungo vimekwisha kujengwa. Mwanamuke aende mapema. Aache pombe, ya chupa na ya nyumbani. Asinywe dawa wala mizizi bila kumuuliza munganga. Tukumbuke dawa iliyoitwa thalidomide: iliuzwa tangu mwaka wa 1957 mpaka 1961 ili kuleta usingizi na kutuliza kichefuchefu, na watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa wenye mikono na miguu mifupi ao bila hiyo. Mama zao walikuwa wameimeza katika majuma hayahaya ya mwanzo. Tena kuna vidonge vya asidi foliki vinavyosaidia murija wa mugongo kufunga vema. Faida yake ni kubwa kama mwanamuke anavimeza mbele hata ya kushika mimba.

3. Kwa mama aliyepoteza mimba. Katika mimba 100 zinazojulikana, 10 ao 15 hivi zinatoka zenyewe. Nusu yao ao zaidi zinatoka kwa sababu hesabu ya kromozomu haikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Hakuna muchawi hapo, wala mukwe aliyelaani. Tumwambie mama maneno haya waziwazi, na mbele ya mume wake. Lakini mwanamuke mwenye damu na maumivu makali ya tumbo sharti apelekwe hospitali upesi, kwa maana pengine mimba imeshika ndani ya murija, na inaweza kumuua.

4. Juu ya roho ya mutoto. Aristote alizani kwamba mutoto mwanaume anapata umbo nyuma ya siku 40, na mwanamuke nyuma ya siku 90. Mutakatifu Tomaso naye alifundisha kwamba roho yenye akili inakuja nyuma ya mwili kutayarishwa. Hawakuwa na mikroskopi. Yai la wanyama wenye kunyonyesha lilionekana kwanza mwaka wa 1827, na munganga von Baer. Kanisa lilikataa sikuzote kuua mutoto wa tumboni, na mwaka wa 1869 Papa Pio IX aliondoa katika azabu za Kanisa tofauti ya mimba yenye roho na isiyo nayo. Maagizo Donum Vitae ya mwaka wa 1987 hayakukata shauri la wafilosofu juu ya saa ya roho, lakini yanaamuru mutoto aheshimiwe kama mutu tangu mimba kushikwa.

Basi, jibu kwa yule mama ni hili: «Alikuwa mutoto wako.» Kanuni 871 ya Sheria ya mwaka wa 1983 inataka mutoto aliyetoka mbele ya wakati abatizwe kama ni muzima, kadiri inavyowezekana, na katika hatari ya kufa mutu yeyote mwenye nia njema anaweza kumubatiza. Kama amekufa, na katika majuma haya ya kwanza ndivyo inavyokuwa karibu sikuzote, hatubatizi, kwa maana sakramenti ni za wazima. Tunamuweka katika huruma ya Mungu, kama Katekisimu inavyofundisha katika namba 1261. Azikwe kwa heshima, na padri asione kazi ndogo kuwaombea wazazi.

Bikira Maria alipokwenda upesi kwa Elizabeti, Yezu alikuwa tumboni mwake tangu siku chache ao majuma machache. Kwa hesabu tuliyoiona hapa, alikuwa mudogo kuliko punje. Na Yohane, mwenye miezi 6, akaruka kwa furaha mbele yake.