Fahamu: Je, ukiri wa imani hunyamazisha sauti ya kujidharau?
"Mimi ni mshindi," unajiambia mbele ya kioo. Moyo unajibu: "Mshindi gani, kodi yenyewe hujalipa?"

Mwaka 2009, Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na wenzake waliona kuwa watu wanaojidharau walipojirudia kauli ya kujisifu walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao ambao hawakuirudia. Lakini ukiri wa imani, yaani kutamka kwa kinywa unachoamini, ukiwa wa kweli, haumsifu msemaji, unamwegemea Mungu. Mwimbaji wa Zaburi ya 42 haifichi huzuni yake: anaihoji nafsi yake waziwazi, kisha anaielekeza kwenye tumaini. Waislamu nao humwegemea Mungu kwa dhikri, yaani kumtaja mara kwa mara.

Sauti ya kujidharau ikikukosesha usingizi wiki mbili, au ikikushawishi ujidhuru, omba, na uende hospitali leo.